Alama za Chumba cha Kufulia

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mkaguzi wa baraza la mitihani aliteremka ngazi za nyuma za hospitali, jalada kwapani, akasimama mbele ya mlango wa chuma wenye maandishi meupe: KUFULIA. Ofisini kwao walimwita Rula, na si kwa sababu ya urefu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyefanya upelelezi wa polisi kwa miaka ishirini kabla ya kuhamia kwenye mitihani. Alipoulizwa tofauti ya kazi hizo mbili, alijibu kwamba watuhumiwa wa sasa wanajua kuandika, kwa hiyo ushahidi huja tayari.

Ushahidi wa safari hii ulikuwa karatasi sita za majibu. Mtihani wenyewe ulikuwa wa Kiingereza cha msingi kwa watu wazima, maswali arobaini. Ishirini ya kwanza yalimtaka mtahiniwa achague kiwakilishi kinachofaa, "he" au "she", "him" au "her", na jamaa zao. Ishirini ya pili yalimtaka achague neno la kuelezea, kisha alitie mahali pake katika sentensi. Wiki tatu zilizopita watu arobaini na wawili walikuwa wameufanya katika ukumbi wa shule iliyo jirani na hospitali, na sita kati yao walikuwa madobi wa chumba hiki.

Karani wa usahihishaji ndiye aliyeshtuka kwanza. Karatasi zote sita zilikuwa na alama ndogo za kalamu juu na chini ya maneno: nukta moja, nukta mbili, vijistari vitatu, viduara. Katika sehemu ya pili kulikuwa na vijindoano. Alama zilikuwa zilezile, karibu mahali palepale. Tena katika swali la kumi na nne wote sita walikuwa wametoa jibu moja lisilo sahihi, ambalo hakuna mwingine ukumbini aliyelitoa. Kamati haikuchelewa kuunganisha mambo: hawa walipewa majibu kabla ya siku, majibu yenyewe yalikuwa na kosa moja ndani yake, na zile alama ni mafumbo ya kukumbushana. Kamati ingekaa saa kumi alasiri. Kama hakuna maelezo ya kuridhisha, karatasi zingefutwa na wenyewe wangefungiwa miaka mitatu.

Rula akasukuma mlango. Joto lilimpokea kama mgeni aliyesubiriwa. Ndani kulikuwa na mashine tatu za kufulia, mbili za kukaushia, meza ndefu ya pasi, na milango miwili ya kazi: wa kushoto wa nguo chafu kuingia, wa kulia wa nguo safi kutoka. Ubavuni mwa mashine moja ya kukaushia, iliyoonekana kufa siku nyingi, kulikuwa na maandishi ya chaki yaliyofutwa nusunusu.

Msimamizi wa chumba alimfuata akijifuta mikono kwenye aproni. Watu wote hospitalini walimwita Mzee Buluu, kwa sababu miaka thelathini ya kuloweka nguo nyeupe katika maji ya buluu ilikuwa imevipa vidole vyake rangi hiyo, na haikutoka tena hata kwa sabuni. Yeye ndiye aliyewafundisha hao sita. Alikuwa amefika nusu ya chuo cha ualimu, baba yake akaugua, akaja kufua kwa muda. Huo muda ndio huu. Kwa miaka miwili, nusu saa ya mapumziko ya mchana, alifundisha Kiingereza kwenye ubavu wa ile mashine mbovu.

Rula alikaa naye kwenye meza ya stoo, akafungua daftari. Kanuni haikumruhusu kumwonyesha mtuhumiwa ushahidi kabla ya kuchukua maelezo yake, na yeye hakuwahi kuivunja kanuni hiyo. Barua waliyopelekewa madobi ilisema "udanganyifu" tu, basi. Alianza na maswali mepesi: ratiba, vitabu, nani alikaa wapi ukumbini. Mzee alijibu kila moja kwa utulivu, kama mtu anayehesabu foronya. Kisha akaulizwa kama ana ndugu yeyote katika baraza la mitihani.

Alikuwa naye. Mume wa dada yake alikuwa mlinzi wa ghala ambamo karatasi za mitihani huhifadhiwa. Rula alilijua hilo tangu jana. Ndilo lililomtoa ofisini. Alichotaka kujua ni kama mzee atalificha.

"Mara ya mwisho kuzungumza na shemeji yako ni lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Mna ugomvi?"

Mzee Buluu alitazama vidole vyake. "Harusi ya binti yake alinikalisha meza ya watoto. Mimi, mjomba wa bibi harusi. Nikapewa na kijiko cha plastiki."

Rula aliandika, kisha akatoka nje kupiga simu mbili. Mtunza ghala alimsomea kitabu cha zamu: mlinzi huyo alikwenda likizo siku tano kabla ya karatasi kufika, akarudi siku nne baada ya mtihani kwisha. Simu ya pili ilikuwa kwa dada mtu. Huyo alithibitisha meza ya watoto kabla hata ya kuulizwa, akaongeza kwamba kaka yake alinuna kwa meno lakini tumbo lilikubali sahani mbili. Rula alipiga mstari juu ya neno "shemeji" kwenye daftari lake. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Wa pili kuhojiwa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyefanya kazi upande wa nguo chafu. Walimwita Mama Mapacha, na mapacha wenyewe walikuwa tayari watu wazima wenye ndevu. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbali kidogo na mkaguzi, akaeleza kuwa anatoka kupokea mzigo wa wodi ya upasuaji na asingependa kumpaka mgeni harufu.

Maelezo yake yalikuwa marefu, na Rula alimwacha aseme. Alitaka kuwa muuguzi msaidizi. Miaka kumi na minane ameosha damu ya watu asiowaona, sasa alitaka kuwaona wenyewe. Kozi ilikuwa imemkubali kwa masharti mawili: cheti cha Kiingereza, na umri usiofika miaka arobaini na mitano siku ya kuanza. Barua ya kozi aliitoa kwenye mfuko wa aproni, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Kozi ilikuwa inaanza baada ya wiki sita. Yeye alikuwa anatimiza arobaini na mitano baada ya wiki nane.

"Mkinifungia miaka mitatu, mama mkaguzi, msinifungulie tena," alisema. "Nitakuwa sina pa kwenda."

Rula aliuliza kama amewahi kuufanya mtihani huu kabla. Alikuwa ameufanya mara mbili, akaanguka mara mbili, zote kwa viwakilishi.

"Kwetu yeye ni yeye, awe mwanamume, awe mwanamke, mtu hana neno. Kwao huwezi kusema habari za mtu mpaka kwanza umvue nguo umchungulie."

Mpiga pasi mmoja, mwanamume mwenye kipara kinachong'aa, alicheka kule mezani kwake kabla ya kujizuia. Rula hakucheka. Aliandika: ameanguka mara mbili, sehemu ya kwanza. Kisha akauliza mara hii kilibadilika nini. Mama Mapacha akajibu kwamba mara hii walisoma, na Mzee Buluu akawasimamia kama watoto wanaofundishwa kutembea. Alikuwa na la kuongeza, lakini mashine ya pili ilianza kulia na akainuka kuizima.

Rula alikuwa nje penye ngazi, anapanga karatasi zake, Mzee Buluu alipomfuata. Alifunga mlango nyuma yake kwa makini.

"Andika ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliiba mimi. Wao niliwaambia ni mazoezi tu. Hawakujua kitu."

Rula akafungua kalamu. "Uliziiba wapi?"

"Ghalani."

"Mlango wa ghala uko upande gani?"

"Mbele," alisema mzee, baada ya kufikiri. "Karibu na geti."

"Karatasi zilikuwa ndani ya nini?"

"Bahasha. Bahasha kubwa ya kaki."

"Ni sanduku la bati lenye kufuli mbili. Mlango uko nyuma, na hakuna geti." Rula akafunga kalamu. "Mzee wangu, kazi hii huiwezi. Rudi kwenye mashine."

Mzee Buluu hakuondoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anastaafu mwakani, wamfungie hata miaka kumi, hana mtihani wowote anaoungojea; lakini yule mama hana muda wa kupoteza, na wale wengine watano walikuwa wakija kusoma huku wanasinzia kwa uchovu, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Rula alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika katika daftari, mbele yake, akimsomea kila neno: "Saa tano na robo. Maungamo ya uongo. Hayahusiki."

Mlango wa kulia ulifunguka wakati huo, na mpiga pasi mwenye kipara akapita akisukuma toroli la shuka safi kuelekea wodini. Magurudumu yalikwama kwenye kizingiti. Shuka ya juu ikateleza kidogo, pembe yake ikaning'inia.

Pembeni pale, juu ya mshono, kulikuwa na nukta mbili za wino mweusi.

Rula aliweka mkono juu ya toroli. Alimwomba mpiga pasi asubiri, akaanza kuinua pembe za shuka moja baada ya nyingine. Nukta mbili. Nukta mbili. Nukta moja. Vijistari vitatu. Chini kabisa kulikuwa na pazia, na pembe yake ilikuwa na kiduara. Nyingine zilitiwa alama juu ya mshono, nyingine chini. Mkaguzi alisimama hapo akizikagua kwa muda ambao mpiga pasi baadaye aliueleza kuwa wa kutosha kupiga pasi mashati manne. Kisha akafungua jalada, akatoa nakala ya karatasi ya majibu, akailaza juu ya shuka. Maelezo ya awali yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa; sasa kanuni ilimruhusu.

"Mwite Mama Mapacha," alisema.

Mama Mapacha alipoiona karatasi yake, na alama zilizozungushiwa wino mwekundu wa kamati, alikaa juu ya kikapu cha nguo.

"Hizi ndizo udanganyifu?"

"Nieleze."

Alieleza, mwanzoni kwa kusitasita, baadaye kwa mikono yote miwili. Hospitali ilikuwa na wodi tatu kubwa, na nguo ikikosea wodi, kelele zake husikika mpaka kwa mganga mkuu. Kwa hiyo kila kitu kilitiwa alama: nukta moja wodi ya wanaume, nukta mbili wanawake, vijistari vitatu watoto, kwa kuwa watoto hawaji mmoja mmoja. Kiduara kilikuwa cha vitu visivyo vya mtu, kama mapazia na vitambaa vya meza. Alama ikiwa juu ya mshono, nguo ni ya kumfunika mtu. Chini ya mshono, ni ya kulaliwa. Alikuwa akifanya hivyo kila siku bila kufikiri. Alipoanguka mtihani mara ya pili, akajiambia kuwa mtu anayeweza kutenganisha shuka mia nne za wanaume na wanawake kwa siku moja hawezi kushindwa na vijineno viwili. Akaanza kuzitia alama sentensi. Mwanamume, nukta moja. Mwanamke, mbili. Wengi, vijistari. Kitu, kiduara. Anayetenda, alama juu ya neno, anayetendewa, chini. Ukimaliza, unasoma alama, unachagua.

"Na vijindoano?"

"Pini," alisema Mzee Buluu kutoka nyuma. Vyeti vya maelezo vilibanwa kwa pini juu ya nguo: hii ina damu, hii ifuliwe kwa maji ya moto, hii imechanika. Pini ikibanwa kwenye nguo ya jirani, shuka nzima huchemshwa, na blanketi la sufu hutoka likimtosha mwanasesere. Basi aliwafundisha kwamba neno la kuelezea nalo ni cheti cha pini. Kwanza utafute ni nguo gani linaizungumzia, ndipo ubane. Mama Mapacha ndiye aliyebuni alama, yeye Mzee akazifundisha kwa wengine watano.

Mtu mwingine angefunga jalada hapo. Rula alilifungua upande wa pili. Alama zilikuwa zimeeleza kwa nini karatasi zinafanana sura. Hazikueleza swali la kumi na nne. Watu sita wenye njia moja ya kufikiri bado wangeweza kupewa majibu.

Alirudi stoo peke yake, akachora jedwali. Kamati ilikuwa imeangalia swali moja tu. Yeye aliorodhesha makosa yote ya wote sita. Mama Mapacha alikuwa na makosa tisa kati ya maswali arobaini, na kufaulu kulihitaji majibu sahihi ishirini na tano, kwa hiyo karatasi yake ikiachiwa, cheti anacho. Mpiga pasi alikuwa na makosa kumi na mawili. Makosa yao hayakufanana, mmoja akikosa la saba, mwingine la ishirini na mbili. Watu waliopewa karatasi moja yenye majibu wasingekosea hovyo namna hiyo. La kumi na nne peke yake ndilo lililowakuta wote. Aliangalia mpangilio wa viti: kati ya sita hao, wa karibu zaidi walitenganishwa na safu mbili. Kunakiliana hakukuwezekana.

Lakini alijua pia kamati ingesema nini. Ingesema wajanja hubadilisha majibu machache ili wasishikwe.

Saa saba mchana alichukua karatasi tupu sita, akatunga sentensi kumi za kwake. Hazikuwa kwenye kitabu chochote, maana alizitunga pale pale akisikia mashine zinavyounguruma. Aliandika habari za mkulima, za dereva wa lori, za watoto waliopoteza mpira, na katika ya sita akamtia metroni, yule mkuu wa wauguzi. Kisha akawaita mmoja mmoja, kila mtu dakika tano, mlango umefungwa, aliyemaliza asirudi kwa wenzake bali apitie mlango wa kulia akasubiri uani. Mzee Buluu alipeleka viti uani bila kuombwa.

Wote sita walianza kwa nukta. Hawakuandika hata neno moja kabla ya kumaliza kutia alama sentensi zote kumi. Mpiga pasi alitoa ulimi nje wakati wa kufanya kazi hiyo. Rula alizipanga zile karatasi juu ya meza na kutafuta sentensi ya sita.

Metroni, nukta moja. Jibu: "he". Wote.

Hapo ndipo swali la kumi na nne lilipokaa sawa mbele yake, kwa sababu nalo lilikuwa la metroni anayetaka mapazia yafuliwe kabla ya adhuhuri: "The matron said that ___ wanted the curtains washed before noon." Ukumbi mzima ulikuwa umejaza "she", kama ufunguo wa majibu ulivyotaka. Madobi walijaza "he".

Alimwita tena Mama Mapacha, akamwekea kidole juu ya ile nukta moja. Alimuuliza kwa nini.

Mama Mapacha alimtazama kama mtu anayehofia kuwa anataniwa. "Kwani wewe hujamwona?"

"Simjui."

"Basi twende."

Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya kwanza. Mwishoni mwa korido kulikuwa na mlango wenye kibao cha shaba kilichoandikwa METRONI, na nyuma ya mlango kulikuwa na dume la mtu, ndevu mpaka kifuani, sare nyeupe imembana mabegani, anakunywa chai kwenye kikombe kilichopotelea kiganjani mwake. Alisimama kuwapokea. Rula alimuuliza tangu lini anashika kazi hiyo. Miaka tisa. Alimuuliza kuhusu kibao. Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba aliomba kibadilishwe mwaka wa kwanza, akapewa fomu. Mwaka wa pili akaambiwa fomu imepitwa na wakati. Mwaka wa tatu watu wakawa wameshazoea kumwita Metroni, na yeye akawa anaitika. Hata mkewe humwita hivyo akitaka kumchokoza. Alipoinamisha shingo kuweka kikombe chini, kola yake ilipinduka kidogo. Ndani yake kulikuwa na nukta moja.

"Sare zake namfulia mimi," alisema Mama Mapacha. "Kila Jumatatu na Alhamisi. Mwenyewe nimezitia alama. Sasa ningemwandikaje nukta mbili?"

Saa tisa na dakika ishirini Rula alimpigia simu mtahini mkuu, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti kavu aliyependa kusikia mambo yakiwa yamepangwa. Alimpangia. Kwanza ghala, kitabu cha zamu na likizo. Pili viti. Tatu makosa yasiyofanana. Nne alama za nguo. Tano mtihani aliowapa mwenyewe mchana huo, ambao hakuna aliyeweza kuuiba kwa kuwa saa sita ulikuwa haujatungwa. Na sita, bwana mwenye ndevu ghorofa ya kwanza.

Mtahini mkuu alikubali la kwanza mpaka la tano bila kubisha. La sita lilimkwaza. Alisema kila mtu anajua metroni ni mwanamke.

"Kila mtu yupi?" Rula aliuliza. "Watu hawa wanamjua mmoja tu, na wanamfulia mashati."

Rula alisubiri; kusubiri ilikuwa nusu ya kazi yake.

"Sentensi ile niliitunga mimi," mtahini mkuu alisema hatimaye.

"Najua. Saini yako ipo."

"Mama yangu alikuwa metroni. Miaka kumi na tisa." Alikohoa kidogo. "Mapazia yafuliwe kabla ya adhuhuri. Alikuwa akisema hivyo hata nyumbani, na nyumbani tulikuwa na dirisha moja."

"Kumbe kila mmoja ameandika metroni wake," alisema Rula.

Mtahini mkuu aliporudisha sauti yake ya kazini, alisema karatasi sita zitaachiwa na kusahihishwa kama nyingine, uamuzi ataupitisha saa kumi kwa jina lake, na barua ya kuwaondolea tuhuma itasainiwa kesho. Swali la kumi na nne hawezi kulibadilisha kwa simu. Ufunguo umekwisha kutumika kwa watu wote. Mwakani sentensi hiyo haitakuwepo. Rula alisema hakuwa ameliombea swali hilo. Kabla ya kukata, mtahini mkuu aliuliza kama huyo metroni ni mtu mwema. Rula akamjibu kwamba hilo halimo katika uchunguzi, lakini madobi wanapomtaja hawashushi sauti.

Alirudi chini. Wale sita walikuwa wamekaa uani katika viti vyao, hakuna aliyeegemea. Mzee Buluu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, anakikamua ingawa kilikuwa kikavu. Rula aliwaambia kwa maneno machache: hawana hatia, karatasi zao zinaendelea, matokeo yatatoka pamoja na ya wengine. Mpiga pasi alijifunika kipara kwa mikono miwili. Wengine walishikana mabega. Mzee Buluu aligeuka akaingia ndani, na sauti ya maji ikasikika kwa muda mrefu kutoka kwenye bomba ambalo hakuna aliyekuwa akifua chochote chini yake.

Wenzake walipotawanyika, Mama Mapacha alibaki karibu na meza ndefu, mbele ya lundo la shuka zilizotoka kukauka. Alitaka kuuliza jambo na alikuwa akilizunguka.

"Kwa hiyo lile la Metroni nimelikosa?"

"Kwa ufunguo wao, umelikosa."

Alilipima kwa kitambo. "Haya," alisema. "Nimelikosa kwa akili yangu mwenyewe. Mara mbili zile nilikosa hata nisijue nimekosea wapi."

Kisha akachukua shuka juu ya lundo, akatafuta kwa macho mtu wa kushika upande wa pili, asimwone, akamnyooshea mkaguzi pembe mbili kama vile alikuwa amemwona hapo siku zote. Rula alitazama saa yake. Aliweka jalada juu ya kikapu, akashika pembe, akarudi nyuma mpaka shuka ikakaza. Wakaikunja mara moja, wakaikunja mara ya pili, wakasogeleana na kuunganisha ncha. Mama Mapacha aliishika shuka mbele ya macho yake, akaigeuza upande huu na ule.

"Imekwenda upande, mama mkaguzi," alisema kwa upole, na akaifungua yote, wakaanza upya.